Mpwapwa: Njia Moja, Dini Mbili

Kabla ya reli, misafara mingi iliyotoka Bagamoyo na Saadani kwenda Tabora na Ujiji ilipumzika Mpwapwa. Sababu ilikuwa maji. Upande wa magharibi palitanda pori la Marenga Mkali, nchi kavu isiyo na kisima cha kutegemea, na ng'ambo ya pori hilo ndipo ilipoanza Ugogo. Wapagazi walikaa Mpwapwa siku kadhaa wakinunua nafaka, mbuzi na ng'ombe. Walijaza vibuyu, wakaondoka baada ya adhuhuri na kutembea hadi usiku, mwendo waliouita terekeza, ili kesho yake wafike kwenye maji kabla kiu haijawaangusha. Wakifika Ugogo waliwakuta watemi wanaodai hongo ya nguo na shanga. Wote walilipa, awe tajiri wa Unguja au mjumbe wa wafadhili wa London.

Nimeifuata njia hii kwa vitabu na kwa miguu nikiwa na swali moja. Uislamu na Ukristo vilipanda bara kwa njia hii moja, vikapumzika penye kijito kimoja chini ya milima ya Kiboriani, na mara nyingi mizigo ya dini zote mbili ilibebwa na mabega yale yale. Kila dini ilikuja na kitabu chake na imani yake kwamba ukweli ni mmoja. Mpwapwa zimeishi jirani kwa karibu karne na nusu. Lakini mwisho wa njia hii, kule Buganda, damu ilimwagika kwa jina la kila moja. Tofauti hiyo ilitoka wapi?

Wengi huitafuta vitabuni, wakihesabu aya za upole upande huu na aya za ukali upande ule. Mimi naamini jibu limelala njiani. Linategemea nani alishika mamlaka juu ya imani ya mwenzake, na alikuwa na silaha gani mkononi.

Waliotangulia na waliofuata

Uislamu ulitangulia, na ulikuja bila kutumwa na mtu. Waliouleta ni wafanyabiashara wa Unguja na Mrima (pwani inayoelekeana na Unguja), pamoja na waungwana waliowafuata wakiwa wasimamizi wa misafara, waandishi na walinzi. Hawa hawakuja kufungua kituo cha dini. Walikuja kutafuta pembe za ndovu na, kwa aibu ya historia yetu sote, watumwa. Lakini mtu hafungi safari akaiacha dini yake pwani. Waliswali njiani, wakifupisha swala kama sharia inavyomruhusu msafiri, walichinja kwa jina la Mungu, na waliwazika wenzao wakiwaelekeza kibla. Mnyamwezi aliyebeba mzigo wa tajiri Mwislamu kwa miezi aliyaona hayo yote kila siku, na baadhi ya wapagazi walirudi kwao wakiwa wamesilimu.

Ukristo ulifika kwa mpango. Mwaka 1875 barua ya Henry Stanley kutoka Buganda ilichapishwa katika gazeti moja la London, ikiwaita wamisionari waende kwa Kabaka Muteesa, mfalme wa nchi hiyo. Chama cha wamisionari wa Kianglikana, CMS, kikaitika. Mwaka 1876 msafara wake wa kwanza ulipanda bara, na Mpwapwa ikachaguliwa kuwa kituo cha katikati. Kituo hicho hakikudumu. Kilifufuliwa mwaka 1878 na Dk. Edward Baxter pamoja na J. T. Last. Kabla yao, mwaka 1877, Alexander Mackay, fundi na mhandisi kutoka Scotland, alikuwa amefyeka barabara ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, karibu kilomita 370. Mbung'o waliwaua ng'ombe wake, na mzigo ukarudi mabegani mwa watu.

Mabega hayo yalikuwa ya nani? Misafara ya wamisionari ilikodiwa pwani na Unguja, na wanyapara wake wengi walikuwa Waislamu. Aliyeongoza kwa kuwatafutia watu wapagazi huko Bagamoyo alikuwa Sewa Haji, Mwislamu mwenye asili ya India. Tajiri huyo baadaye aliikabidhi serikali ya Wajerumani jengo la shule mjini Bagamoyo kwa sharti kwamba watoto wa makabila yote wapokelewe. Jina lake lingali hai katika wodi ya hospitali ya Muhimbili. Biblia zilizofika Mpwapwa, kwa hiyo, zilipitia mikononi mwa Waislamu kuanzia bandarini.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa mwaka 1873. David Livingstone alipofariki kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, watumishi wake waliukausha mwili wake na kuubeba hadi Tabora, na kutoka huko hadi Bagamoyo. Miongoni mwao alikuwamo Abdullah Susi, aliyekuwa bado hajabatizwa. Alikuja kubatizwa Unguja mwaka 1886. Alikuwamo James Chuma aliyebatizwa India, na Jacob Wainwright, Mkristo aliyesoma shule ya Nasik, ambaye ndiye aliyesoma sala za maziko. Hakuna sheikh wala askofu aliyewaamuru. Walikubaliana wenyewe kwamba bwana wao azikwe kwao, wakaubeba mwili huo miezi mingi katika nchi za hatari. Nikitafuta chimbuko la kuvumiliana katika Tanzania ya kati, naanzia kwa wapagazi hawa kabla ya kufika kwa mwanasiasa yeyote.

Tena tusiwasahau wenyeji. Mwaka 1871 Stanley, akiwa njiani kumtafuta Livingstone, alimwacha Mpwapwa mwenzake William Farquhar, aliyekuwa mgonjwa asiyeweza kutembea. Farquhar alifia hapo. Mji uliokuwa bado hauna msikiti wala kanisa ulimpokea mgeni aliye taabani kwa sababu desturi ilisema mgeni apokelewe. Dini zote mbili zilipofika zilikuta nyumba yenye wenyewe. Watu walikuwa na Mungu waliyemjua, matambiko waliyoyafanya kwa ajili ya wahenga wao, na watemi walioulizwa habari za mvua. Sheikh na padri, wote walikuwa wageni waliolala kwa ruhusa ya mwenyeji. Nadhani hilo lilizifundisha dini zote mbili adabu ambayo hazingeipata kama zingeingia kwa ushindi.

Nani ana neno la mwisho?

Ukitaka kuona tofauti ya Uislamu na Ukristo katika suala la mamlaka, tazama kituo cha Mpwapwa mwaka 1878. Baxter alikuwa daktari. Last naye hakuwa kasisi. Waliweza kusali, kufundisha na kutibu, lakini kwa utaratibu wa Kanisa lao hawakuweza kuadhimisha Chakula cha Bwana mpaka kasisi afike. Hakuna kasisi bila askofu wa kumwekea mikono, na askofu wa kwanza wa eneo hilo, James Hannington, aliwekwa wakfu mwaka 1884. Juu ya yote hayo ilikuwapo kamati ya London, ambayo barua yake ilisafiri kwa miezi kabla ya kusomwa Mpwapwa.

Mwislamu aliyepiga kambi mita mia chache kutoka hapo hakuhitaji mnyororo huo. Wakati wa swala ukiingia, aliyejua kusoma zaidi alitangulia mbele, wengine wakasimama nyuma yake. Uislamu wa Sunni hauna ukuhani. Mamlaka yake hukaa katika elimu: mwanafunzi humkalia mwalimu, akapewa ijaza, yaani idhini ya kufundisha, naye akawa mwalimu, na majina ya walimu hao hufuatana hadi kwa Mtume. Pwani yetu ilishika madhehebu ya Shafi, ilhali masultani wa Unguja walikuwa Ibadhi, na kwa sehemu kubwa makadhi wa pande zote mbili waliketi mji mmoja.

Kila mpangilio una nguvu yake na udhaifu wake. Ngazi ya maaskofu ilijenga shule, hospitali na kumbukumbu zilizoandikwa. Mpaka leo tunajua nani alifika Mpwapwa na mwaka gani kwa sababu kulikuwa na mkubwa wa kuandikiwa. Lakini ngazi hiyo ilichelewa mno kumpandisha Mwafrika. Makasisi wa kwanza wenyeji wa sehemu hizi, akiwamo Andrea Mwaka, hawakuwekewa mikono mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920, zaidi ya miaka 40 tangu kituo kifunguliwe. Askofu wa kwanza Mwafrika katika Uanglikana wa Tanganyika, Yohana Omari, aliwekwa wakfu mwaka 1955. Dayosisi ya Mpwapwa yenyewe ilizaliwa mwaka 1991, chini ya Askofu Simon Chiwanga.

Elimu ya Kiislamu haikuwa na kamati ya kusubiriwa. Mfano wake mkubwa ni Sheikh Ramiya wa Bagamoyo. Jina lake ni Yahya bin Abdallah. Alitoka Manyema na kuteremshwa pwani akiwa mtumwa. Akasoma, akawa mwanachuoni, kisha khalifa wa tarika ya Qadiriyya, na alipofariki mwaka 1931 watu wa ukoo wowote walimwita sheikh wao. Njia iliyomshusha akiwa bidhaa ilipandwa na wanafunzi wake wakiwa walimu. Hata hivyo mamlaka isiyo na ngazi huwa na taabu ya kuamua ugomvi. Masheikh wawili wanapotofautiana, nani atamaliza? Serikali imejaribu kulijibu swali hilo mara kwa mara, na majibu yake hayajawaridhisha wote. EAMWS, jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, ilipigwa marufuku mwaka 1968, mwaka huo huo BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ikaundwa, na mpaka leo wapo Waislamu wanaoona kwamba chombo hicho hakikutoka mikononi mwao.

Wakristo nao wasijione wameokoka hapo. Uamsho wa walokole, ulioanzia Gahini huko Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Afrika Mashariki, uliwapa walei ujasiri wa kusimama na kushuhudia, hata mbele ya maaskofu. Baadaye makanisa ya Kipentekoste yaliota kila mtaa, kila moja likiwa na mchungaji asiyeripoti kwa mtu. Siku hizi mtu akitaka kuona mamlaka isiyo na ngazi ataiona makanisani, na akitaka kuona mamlaka yenye ofisi, mihuri na barua ataiona pia upande wa Waislamu. Dini hizi zimekaa pamoja mpaka zimeanza kurithiana matatizo.

Zinapokutana na zinapoachana

Katika imani, ujirani una mengi ya kusimamia. Wote humwabudu Mungu mmoja Muumba. Wote wanamjua Ibrahimu, Musa na Daudi. Wote hungoja Siku ya Hukumu, hufunga, hutoa sadaka, na huamini kwamba mtu hufufuliwa. Kurani ina sura nzima yenye jina la Maryamu.

Lakini mtu anayesema dini hizi ni kitu kimoja anazikosea zote mbili. Kwa Mkristo, Yesu ni Mwana wa Mungu aliyesulubiwa na kufufuka, na wokovu umefungwa humo. Kwa Mwislamu, Isa ni nabii mtukufu aliyezaliwa na bikira, hakusulubiwa, na kumwita Mwana wa Mungu ni kuivunja tauhidi, imani ya upweke wa Mungu, ambayo ndiyo nguzo ya yote. Hapo hapana njia ya katikati. Watu wa Mpwapwa wanaoishi nyumba zilizopakana wanalijua hilo, na hawalifichi. Amani yao ina thamani kwa sababu inasimama juu ya tofauti ya kweli.

Hata kitabu hakikai mahali pamoja katika dini hizi. Mwislamu huamini kwamba Kurani ya Kiarabu ni maneno ya Mungu yenyewe, na tafsiri ni maelezo tu. Mkristo husoma tafsiri akaiita Neno la Mungu. Ndiyo maana mmisionari J. C. Price, aliyefanya kazi Mpwapwa na Kisokwe, alitumia miaka kujifunza Cigogo na kufasiri Injili. Bila Cigogo kazi yake haikuwa na maana. Mwalimu wa madrasa alifanya kinyume: alimfundisha mtoto wa Kigogo herufi za Kiarabu, kwa sababu bila herufi hizo kazi yake nayo haikuwa na maana. Mmoja alikileta kitabu kwa mtu. Mwingine alimpeleka mtu kwenye kitabu.

Kiswahili kilipoingia kati, mashindano yalizaa matunda yasiyotarajiwa. Mwaka 1923 Godfrey Dale, kasisi wa Kianglikana wa Unguja, alichapisha Kurani kwa Kiswahili pamoja na maelezo yaliyokusudiwa kuwasaidia Wakristo katika hoja zao dhidi ya Uislamu. Waislamu walichukizwa, lakini hawakuishia hapo. Mwaka 1953 Waahmadiya walitoa tafsiri yao. Masheikh wa Kisunni hawakuikubali, na mwaka 1969 Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alikamilisha tafsiri ambayo bado iko katika nyumba nyingi za Waislamu Afrika Mashariki. Kalamu ilijibiwa kwa kalamu, na msomaji wa Kiswahili akafaidika mara tatu. Ugomvi wa imani ukibaki kwenye karatasi, unaweza kuwa neema.

Mwisho wa njia: ikulu ya Muteesa

Sasa tuende ambako misafara ya CMS ilikuwa ikielekea ilipoiacha Mpwapwa. Katika ikulu ya Buganda Uislamu ulikuwa umefika tangu miaka ya 1840. Muteesa mwenyewe alifunga Ramadhani, akaamuru watu wajue swala, akajenga msikiti. Lakini hakutahiriwa, na aliendelea kuwa Kabaka ambaye juu yake hapakuwa na neno. Mwaka 1876, mwaka ule ule CMS ilipofika Mpwapwa, vijana wa ikulu waliosilimu walikataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wa Kabaka kwa sababu hawakutahiriwa. Muteesa hakuiona hiyo kuwa hoja ya fiqhi. Aliiona kuwa uasi. Watu wapatao 70 waliuawa Namugongo.

Miaka michache baadaye zamu ikawafikia Wakristo. Mackay alifika Buganda mwaka 1878, na mapadri Wakatoliki wa shirika la White Fathers wakafika mwaka 1879. Mbele ya Kabaka, Mprotestanti na Mkatoliki walibishana hadharani mpaka Muteesa akauliza kama kila taifa la Wazungu lina dini yake. Mwanawe Mwanga alipotawala, Wakristo 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliuawa kati ya mwaka 1885 na 1887, wengi wao Namugongo palepale. Kosa lao lilifanana na la Waislamu wa 1876: walisema yupo aliye juu ya Kabaka.

Kisha waliodhulumiwa wakapata bunduki. Mwaka 1888 Waislamu na Wakristo walishirikiana kumwondoa Mwanga. Ushirika huo haukudumu: Waislamu waliwafukuza Wakristo na baadaye wakamtawaza Kabaka wao, Kalema. Wakristo walirudi kwa vita. Mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti, waliokwisha kuwashinda Waislamu, walipigana wao kwa wao huko Mengo. Namuomba msomaji alitafakari jambo hili. Vita ile ya mwisho haikuwa ya Uislamu na Ukristo. Ilikuwa ya watu waliosoma Injili moja. Imani zilikuwa karibu sana, lakini kiti kilikuwa kimoja, na bunduki zilikuwapo.

Mwaka ambao Mpwapwa iliwaka

Mpwapwa nayo haikuepuka. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipochukua utawala wa pwani, watu wa Mrima waliinuka chini ya Bushiri bin Salim. Mei 1889 kamanda wa Wajerumani, Hermann Wissmann, aliivunja ngome ya Bushiri karibu na Bagamoyo, na Bushiri akakimbilia bara. Katikati ya mwaka huo aliishambulia Mpwapwa, akakiteketeza kituo cha Wajerumani. Mzungu mmoja aliuawa. Kituo cha wamisionari nacho kiliharibiwa.

Ni rahisi kuiandika habari hiyo kama jihadi dhidi ya Ukristo, na Wajerumani waliiandika hivyo kwao ili kupata fedha na askari. Ukiitazama kwa karibu, picha inabadilika. Bushiri huyo huyo aliuacha salama umisheni wa Wakatoliki Bagamoyo, ambao tangu mwaka 1868 ulikuwa umejenga imani kwa wenyeji, na mamia ya wakimbizi walijihifadhi humo. Umisheni wa Pugu, ulioingia chini ya mbawa za kampuni ya Wajerumani, ulishambuliwa na watu wake wakauawa. Dini ilikuwa moja katika vituo vyote viwili. Kilichotofautiana ni nani alionekana kusimama pamoja na bunduki.

Na tazama waliokuja kumsaka Bushiri. Wissmann alipoijenga ngome ya Mpwapwa mwaka 1889, askari wake wengi walikuwa Wasudani aliowaandika Misri, Waislamu wanaoswali mara tano, wakilipwa na Kaizari Mkristo kumpiga Mwislamu mwenzao. Bushiri alinyongwa Pangani, Desemba mwaka huo. Kisha utawala wa Wajerumani, katika kutafuta makarani, maakida na askari, uliwachukua watu wa pwani waliojua kuandika. Hivyo Uislamu ulienea bara kwa kasi zaidi chini ya bendera ya Wakristo kuliko ulivyoenea katika miongo yote ya biashara ya misafara. Waingereza walipokuja, mizani ilielemea upande wa pili: shule zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na mtoto wa Kiislamu akabaki nyuma katika elimu ya kupata kazi. Serikali huru ilitaifisha shule nyingi za misheni mwaka 1970 ili kuliponya jeraha hilo. Haikuliponya lote. Mwislamu anapolalamika leo juu ya elimu, asiambiwe anachochea udini. Asikilizwe, kwa sababu historia yake iko wazi.

Yaliyobaki mikononi mwetu

Reli ya Kati ilipojengwa ilipita Gulwe, kusini ya mji, ikafika Tabora mwaka 1912. Misafara ikafa, na Mpwapwa ikawa mji wa walimu na mifugo, wenye chuo cha ualimu na kituo cha utafiti kilichotoa aina ya ng'ombe yenye jina la mji wenyewe. Katika mji wa ng'ombe, swali lililowaua vijana wa Muteesa huulizwa kila asubuhi: nani anachinja?

Tanzania ilijijengea jibu bila sheria. Katika machinjio mengi huchinja Mwislamu, ili kila mtu ale. Mkristo mwenye harusi humwita jirani Mwislamu ashike kisu, wala haoni kwamba imani yake imepungua. Dini zote mbili zina msingi wa hilo. Kurani inahalalisha chakula cha watu waliopewa Kitabu, ingawa wanazuoni wana masharti yao. Paulo naye aliwaandikia Wakorintho kwamba ni heri kuacha nyama kuliko kumkwaza ndugu. Lakini Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, Wakristo walipodai haki ya kuchinja wenyewe, ghasia zilizuka na mchungaji mmoja akauawa. Desturi iliyotulisha sote kwa vizazi ilikuwa imegeuzwa kuwa amri, na amri iligombewa.

Hapo ndipo nilipo na msimamo wangu. Mwislamu kumchinjia Mkristo ni hisani ya pande mbili: mmoja anatoa kazi, mwingine anatoa ridhaa. Siku tutakapoifanya kuwa ishara ya nani mkubwa, tutakuwa tumerudi katika ikulu ya Muteesa. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, imeiacha imani iwe hiari ya mtu na kuweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za dola. Baada ya ile ya mwaka 1967, sensa yetu haimuulizi mtu dini yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawaruhusu watu wa dini tofauti kuoana. Marais wetu wamekuwa Wakristo na Waislamu, na madaraka yamepokezanwa. Huo ni urithi mkubwa. Lakini sheria huzuia mkono tu, haiwezi kuufundisha moyo. Moyo hufundishwa na jirani, kama Susi na Wainwright walivyofundishana wakiwa chini ya mzigo mmoja.

Nina maombi matatu. Kwa masheikh na wachungaji: fundisheni imani yenu kwa ukamilifu, na mnapoieleza ya mwenzenu, ielezeni kwa namna ambayo mwenyewe angeitambua. Mihadhara ya kushindana iliyovuma tangu miaka ya 1980 iliwafundisha vijana aya za kumshinda jirani kabla hawajajua za kuwafanya wao kuwa watu wema. Kwa wenye dola: dini isipewe bunduki wala kiti, na malalamiko ya raia yasipuuzwe kwa sababu yametoka msikitini au kanisani.

Ombi la tatu ni kwa watu wa Mpwapwa. Tangu mwaka 2006 njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu imo katika orodha ya awali ya Tanzania kwa ajili ya Urithi wa Dunia, na Mpwapwa ni mojawapo ya vituo sita vilivyotajwa, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Wazee wanaojua makambi yalikuwa wapi, makaburi ya zamani ni ya nani, na nani aliwapokea wageni, wanaondoka mmoja mmoja. Dayosisi na BAKWATA wilayani wakae meza moja, wawatume vijana wao wawili wawili, Mkristo na Mwislamu, wakayaandike masimulizi hayo kabla hayajazikwa. Kazi hiyo haihitaji fedha za kigeni. Inahitaji daftari, na ianze mwaka huu.